Maji Mafupi ya Mzee Celestini

Mashine ya mtumbwi ilizimika kwa mara ya tatu, Niyonzima akatamani kulia. Alikuwa safarini tangu alfajiri, kutoka Nyabusozi, bodaboda kisha basi, basi kisha bodaboda, na mgongo ulishakufa ganzi. Simu nayo ilikata chaji njiani. Neno la mwisho la dada yake Deodata lilikuwa: "Mama anakuulizia. Fanya haraka."

Sasa haraka yote ilikuwa imekwama kwenye tope la mto Ruvubu.

"Maji mafupi, mwanangu," alisema mzee Celestini, mwenye mtumbwi. Akainua mashine mpaka propela ikatoka majini, akaitoa majani moja moja, kama mtu anayechambua maharage ya harusi. "Ukilazimisha, inavunjika. Sogea mbele, nyuma kuwe kwepesi."

Niyonzima akasogea mbele. Kisha akashuka akasukuma, tope magotini. Kisha akapanda tena. Miaka sita hajamwona mama yake. Alichotaka ni kumkuta bado anaweza kumtambua, basi.

Katikati ya mto mtumbwi mwingine ulipita mbio, umejaa watu na mikungu ya ndizi, mashine inanguruma.

"Mzee, mbona wale wanapita?"

"Wale wana njia yao." Celestini hakumtazama. Alishika mti wa kusukumia, akaendelea kuusogeza mtumbwi taratibu kando ya mafunjo.

"Mzee wangu, nakuomba. Mama yangu anakufa!"

Celestini aliuinamia mti wake. "Pole, mwanangu. Pumzika kidogo, umechoka."

Hasira zilimpanda Niyonzima, lakini hata nguvu ya kugombana hakuwa nayo. Alikaa akijipangusa tope na kumlaani mzee kimoyomoyo. Walikwenda hivyo karibu saa nzima, kwa safari ya dakika kumi.

Ndipo simu ya mzee ikaita. Alisikiliza, akasema "haya" mara mbili, akaikata. Akaugeuza mtumbwi kuelekea katikati ya mto, akashusha mashine yote, akaiwasha. Wakakata maji bila kugusa hata jani.

"Kumbe maji yapo!" Niyonzima akafoka. "Nani amekupigia?"

Mzee akavua kofia.

"Deodata. Kabla hujafika kivukoni aliniomba nikucheleweshe, mpaka wamalize kumwosha mama na kumvalisha."