Picha Zilizolowa Rawdha

Madam aliishusha picha ya pili ukutani, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akamsogezea Rael puani.

"Umefuta na maji. Tena."

Rael hakuwa ameigusa. Angeapa kwa jina la mamake kule Nyamira, lakini Kiarabu cha kuapia angekitoa wapi? Alisema tu, "Mafi moya, madam," hakuna maji, akasimama mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Zilikuwa picha za Kijapani, zile zinazochongwa kwanza kwenye ubao, ubao ukapakwa rangi, ndipo karatasi ikabanwa juu yake. Bosi alizinunua huko huko Japani, na kwa haraka ya kujionyesha kwa wageni akazitundika sebuleni kabla hata ya kutiwa vioo. Moja ilikuwa ya theluji juu ya daraja. Nyingine ya upepo, watu wameshikilia kofia zao. Aliyoipenda Rael ilikuwa ya mvua: mistari myembamba ya wino imelala upande, na wapita njia wameinamisha vichwa wakikimbilia kwao. Alikuwa akiitazama, ufagio mkononi, mpaka anasikia harufu ya udongo wa nyumbani. Sasa, tangu kiyoyozi cha sebuleni kiharibike, karatasi zilikuwa zimevimba na kujikunja pembeni, na theluji nyeupe ya watu imeota madoa ya ukungu.

"Bosi anarudi kesho," madam alisema. "Yeye na polisi watakuuliza vizuri."

Hapo maji yakazidi unga. Rael alijifungia bafuni, akachomoa simu ya kitochi aliyoachiwa na Muethiopia aliyemtangulia kwenye kazi hiyo ya nyumbani, akampigia Nahashon, mtoto wa mamake mdogo, dereva anayekaa Shumaisi, hapo hapo Riyadh.

"Nahashon, nitoe hapa leo leo unipeleke ubalozi. Kesho nafungwa kwa sababu ya karatasi."

"Karatasi imelowaje kama hujaimwagia kitu?"

"Nitajuaje? Hata shuka zangu hazikauki. Nazianika, nazianua zikiwa mbichi."

"Basi uko pazuri. Mimi midomo imepasuka, nikicheka natoka damu." Halafu akaacha mzaha. "Niambie uko mtaa gani."

Aibu ilioje! Tangu achukuliwe uwanja wa ndege na mtu aliyeinua kikaratasi chenye jina lake, Rael hakuwahi kuvuka geti ila kutupa taka. Ajenti wa Nairobi alimwambia anakwenda Riyadh, naye akaenda. Alichojua ni kwamba geti lao ni la kijani, ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa, na pale kona kuna msikiti. Na neno moja ambalo madam hulirudia akiagiza chakula kwa simu: Rawdha.

"Rawdha?" Nahashon akafurahi. "Si ungesema kitambo! Nampeleka bosi wangu huko kila wiki. Ngoja nizunguke."

Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima ililala. Simu ikatetemeka kifuani mwa Rael.

"Nimelipata," Nahashon alinong'ona. "Geti la kijani, msikiti, duka la dawa, yote yapo. Toka sasa, usibebe kitu."

Rael alitoka peku, viatu mkononi. Alivuka ua, akafungua geti, akapita, nalo likajifunga lenyewe nyuma yake. Kurudi hakukuwepo tena, na alishukuru Mungu kwa hilo.

Tone la kwanza lilimpiga utosini. La pili, la tatu, kisha mbingu zikafunguka. Mvua, jamani! Rael alicheka peke yake barabarani, kanzu imemganda mwilini, akatafuta gari kushoto na kulia.

"Mbona hutoki?" Nahashon akauliza simuni.

"Nimetoka. Niko getini."

"Mimi ndiye niko getini, nimelishika kwa mkono. Hakuna mtu."

"Hunioni kwa sababu ya hii mvua."



"Mvua gani, Rael? Hapa ni vumbi tupu, na jua limewaka. Hebu napiga honi. Umesikia?"

Rael alitega sikio. Alisikia maji yakikimbia mtaroni. Akavuka barabara mbio hadi duka la dawa, ambako mwenye duka alikuwa akiingiza maboksi yasilowe.

"Baba, hapa Riyadh? Rawdha ya Riyadh?"

Mzee alimtazama miguu yake mitupu, akamhurumia.

"Riyadh ni kwa ndege, binti. Hii ni Rawdha ya Jeddah, kando ya bahari."

Simuni, Nahashon alikuwa bado anapiga honi.