Kiti cha Bi Honorine

Mzinga ulipolia, Ghislaine aliruka kitini, kofia ikamdondoka.

"Mama, usishtuke!" Nadège alimfokea kutoka ndani, nyuma ya pazia. "Shangazi yangu ameishi hapa Nice miaka themanini na tisa. Mzinga unaopigwa hapa kila siku saa sita mchana haumshtui. Okota kofia, mpungie mkono yule bwana."

Ghislaine aliivaa tena ile kofia pana, akakaza shali mabegani, akapunga. Chini, kwenye benchi lililotazamana na roshani, mwanamume mwenye suti ya kijivu hakumpungia. Alitazama saa yake, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Hilo ndilo lilikuwa sharti la chumba. Ghislaine alikuwa amefuma nguo kiwandani miaka thelathini na minane, kule Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, ambako jua lenyewe ni mgeni. Miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja tu: wiki mbili Nice, kabla magoti hayajamkatalia. Hoteli za ufukweni zilimchekesha kwa bei zake. Ndipo alipoliona tangazo la Nadège: chumba chenye roshani, kwa bei ya kifungua kinywa, apewe mama mtulivu, mwembamba, aliyepita sabini. Rahisi huvunja upishi, lakini nani anakumbuka methali mbele ya bahari ile?

"Shangazi yangu, Bi Honorine, ni mgonjwa," Nadège alimwambia siku ya kwanza. "Yuko chumba cha nyuma, usiingie. Ila Bwana Castellan, yule wa benchini, lazima amwone kila siku saa sita, la sivyo ataleta maneno. Basi utakaa wewe kwenye kiti chake, na kofia yake kichwani."

Ghislaine hakuuliza mengi. Alijua jinsi nyumba za wazee zinavyonunuliwa: mnunuzi humlipa mzee kila mwezi maadamu yu hai, na siku mzee akifa, nyumba inakuwa ya mnunuzi. Ukimpata mzee wa kufa upesi, umeokota dodo. Castellan alikuwa akilipa mwaka wa ishirini na moja sasa.

Asubuhi alijibana kwenye kile kipande cha ufuko wa bure, katikati ya magodoro ya matajiri, akaogelea na kukauka juu ya mawe. Adhuhuri alikaa kwenye kiti cha Bi Honorine. Kisha, Castellan akishaondoka, alivua kofia na shali, akashuka kununua chapati ya dengu kwa Pierrette, aliyekuwa na meza yake pembeni mwa benchi.

"Siku hizi hata kope hupepesi mzinga ukilia," Pierrette alimtania. "Umeshakuwa mwenyeji, dada!"

"Nimefundishwa."

"Sisi hapa, mtu akiangusha kabati saa sita kamili, hakuna anayegeuza shingo. Bi Honorine je? Tangu kile chungu cha maua kilichoanguka kimkose kichwa, halafu akateleza kwenye ngazi, simwoni sokoni."

"Amelala tu."

"Mwambie namtunzia kipande kilichoungua pembeni. Ndicho akipendacho."

Usiku huo Ghislaine alitega sikio. Chumba cha nyuma hakikukohoa. Akakumbuka kwamba hajawahi kuona hata sahani moja ikipelekwa kule. Siku ya sita, Nadège akiwa kazini, alishika kitasa, na mlango ukafunguka bila kupingwa. Godoro lilikuwa tupu, limekunjwa. Ukutani ilining'inia rozari, na chini ya kitanda palikuwa na ndara mbili zenye vumbi.

Aliufunga mlango upesi. Kumbe bibi wa watu alikwisha kufa, na yeye alikuwa akimpungia mkono mnunuzi badala ya marehemu ili fedha ziendelee kuingia! Alikwenda kufunga mzigo wake. Alipofika dirishani aliiona bahari, buluu mpaka inauma macho, akasimama. Marehemu haumwi, alijiambia. Castellan hana njaa. Na mimi nimebakiwa na siku nane, sitarudi hapa tena. Aliona haya, haya kwelikweli, lakini nguo alizirudisha kabatini.

Siku ya kumi na moja Nadège alimletea gauni la zambarau.

"Vaa hili leo, mama. Shangazi hulivaa Jumapili."

Alimbusu mashavu yote mawili bila kumtazama machoni, akatoka haraka, ingawa siku hiyo hakuwa na kazi.

Saa sita kasoro dakika tatu, Ghislaine alichungulia chini. Benchi lilikuwa tupu. Katika nyumba ya ng'ambo, dirisha lililofungwa wiki nzima lilikuwa wazi kiasi cha kiganja.

Simu ya mezani, ambayo alikatazwa kuigusa, ililia. Ikanyamaza, ikalia tena. Ghislaine alidhani ni Nadège amesahau kitu. Wakati ulikuwa umekaribia, naye hakutaka kuvunja sharti, kwa hiyo aliivuta kwa waya wake mrefu hadi roshani, akaketi, akaweka kofia sawa, ndipo akainua mkono wa simu.

"Nadège, mimi shangazi yako," ilisema sauti ya kikongwe, yenye afya na hasira. "Nimechoka kujificha huku milimani, jibini yao inanuka. Polisi si walisema hawamshiki mtu kwa chungu cha maua na ngazi yenye mafuta, eti mpaka afanye jambo kubwa? Haya, Castellan ameshampiga risasi huyo mgeni wako, nirudi nyumbani?"

Siku hiyo mzinga ulilia mara mbili. Watalii waliruka. Pierrette hakugeuza shingo, akaendelea kukata chapati.