Dakika Ishirini za Bi Atupele

Siku hizi kila aliyefikisha miaka sabini hukaa kitini asubuhi dakika ishirini, akivuta pumzi kama bangili ya mkononi inavyomwamuru. Uwanja wa nyumba hufagiwa na mashine.

Bi Atupele wa Tukuyu alikuwa amefagia uwanja wake kwa miaka hamsini, huku akipiga soga na jirani yake, Bi Subilaga, aliye ng'ambo ya ua. Jumatatu hiyo mwanawe Ambakisye alimkuta ameinama na ufagio, bangili ikipiga kelele.

"Mama, kaa. Ni kwa ajili ya afya yako."

"Afya yangu ni hii hapa!" alifoka, akiutikisa ufagio. "Nani aliwaambia naumwa? Mmeninyang'anya kazi, mmeninyang'anya jirani, halafu mnanifundisha kupumua?"

Aliivua bangili, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, kisha akausogelea ua.

"Subilaga! Njoo tuongee!"

Shoga yake alikuwa kitini, amefumba macho. Hakuyafumbua.

"Usinikatishe, dada," alisema polepole, kama anayerudia maneno ya bangili. "Mimi naendelea vizuri."

Bi Atupele alibaki ameushika ua, asijue hasira yake aielekeze kwa nani.