Waya wa Kituo cha Juu

Zamda alikuwa akichomeka nyaya kuukuu za vituo vya pampu kwenye seva mpya, ili vyote vionekane kwenye mtandao wa ofisi. Ukabaki mmoja, wa kituo cha juu, ambako mafuriko yalimchukua mumewe na maiti haikuonekana.

"Huo achana nao, bibie, ung'oe tuutupe," alisema Bwana Chepe, msimamizi wake. "Kule hakuna mtu."

Alipotoka, Zamda akauchomeka, akaandika nukta moja. Ndivyo walivyoamkiana watu wa pampu: wewe moja, mwenzio mbili. Alitaka kumuaga mumewe tu.

Skrini ikatulia. Kisha zikaja nukta mbili.

"Umeshaung'oa?" Bwana Chepe aliuliza mlangoni.

Zamda aliufunika waya kwa viganja, kama anayekinga kibatari na upepo.