Ng'ombe wa Wolfgang

Kulipopambazuka, Yohanes alikuwa ameshaziba kengele zote za ng'ombe kwa majani makavu. Akawatoa zizini mmoja mmoja, bila kupiga mluzi wala kufoka, akawavusha korongo hadi kwa shemeji yake Nicodemo.

Ungedhani anaiba. Na kwa namna fulani alikuwa anaiba.

Miaka thelathini nyuma, Mjerumani aitwaye Wolfgang aliishi hapa Nambis akichimba visima vya kanisa. Siku ya kuondoka alimwachia rafiki yake Yohanes mtamba mmoja amtunzie. Utaratibu wa huku kila mtu anaujua: mtunzaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe na uzao wake wote ni wa mwenyewe, hata akikaa Ulaya mpaka nywele zimwishe. Mtamba akazaa, na wanawe wakazaa. Yohanes akauza wachache, akaezeka bati, akasomesha. Waliobaki walijaza zizi, naye akasahau kabisa kwamba si wake, mpaka mchungaji alipotangaza kuwa Wolfgang anakuja na kundi la maombi kutoka Ujerumani, na kwamba amemuulizia Yohanes kwa jina.

"Mtu hapandi ndege kuja kuomba tu," Yohanes alimwambia mkewe, Letisia. "Kwani huko kwao Mungu hasikii?"

"Mwambie ukweli, baba Evaline. Ni rafiki yako."

"Ukweli utanipa maziwa?"

Nicodemo, kaka yake Letisia na mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuongoza pambio, alikubali kuwaficha ng'ombe bila kuuliza maswali mengi. "Kwangu ni kwako, shemeji," alisema huku akifunga zizi.

Wageni walifika kwa magari mawili kutoka Haydom, wamevaa fulana za kijani zenye maandishi ya kumkemea roho wa umaskini. Wolfgang alikuwa amezeeka na magoti yalimsumbua, ila Kiswahili chake kilikuwa palepale. Alimkumbatia Yohanes mpaka kofia zao zikaanguka. Yohanes alilia, na machozi yale, tumtendee haki, yalikuwa ya kweli. Alikuwa amemkumbuka sana mtu huyu. Angemkumbuka vizuri zaidi kama angebaki Ujerumani.

Letisia akaleta chai ya rangi, kitu ambacho hakikuwahi kunywewa katika nyumba ile, akaiweka mezani bila kumtazama mtu.

"Na yule mtamba wetu?" Wolfgang aliuliza.

"Ukame," Yohanes alisema, macho chini. "Alikufa, rafiki yangu. Na watoto wake wote. Sikubakiwa hata na kwato."

Wolfgang alitazama zizini, ambako samadi mbichi ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Ng'ombe wa majirani hupumzika hapo," Yohanes aliharakisha kusema. "Nawahurumia tu."

Jumapili akasimamishwa mbele ya kanisa atoe ushuhuda, naye akautoa. Alieleza walivyokufa mmoja baada ya mwingine, akiwataja kwa majina, na jinsi yule wa mwisho, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, alivyomlamba mkono kabla ya kukata roho. Wageni walilia huku wakirekodi kwa simu. Wakamwekea mikono kichwani, wakaomba kwa Kijerumani, na kanisa zima likaitikia amina. Ya Nicodemo ilisikika mpaka barabarani.

Ndipo Wolfgang akasimama, akiegemea benchi.

"Nilisafiri kuja kusema jambo moja mbele ya mashahidi," alisema. "Nilitaka kumwambia Yohanes kwamba ng'ombe wale wote, tangu leo, ni wake. Nimechelewa. Basi wenzangu wamechanga, tumemnunulia mwingine."

Wakatoka nje. Chini ya ukuta wa kanisa alikuwa amefungwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Alipomwona Yohanes alivuta kamba, akamfuata, akamlamba mkono.

"Muujiza," mama mmoja wa Kijerumani alisema, na simu zikainuliwa tena.

Wolfgang alieleza kwa furaha kwamba wamemnunua kwa Nicodemo, mzee mwema aliyewapunguzia bei. Yohanes alificha uso shingoni mwa ng'ombe, na wageni wakadhani ni furaha iliyomzidi. Kweli, baada ya muda furaha ilianza kuja. Wolfgang alishatamka mbele ya kanisa kwamba wale ng'ombe ni wake. Hakukuwa tena na wa kumuogopa, si yeye, si wanawe.

Magari yalipotokomea, Yohanes alikata fimbo mpya, akavuka korongo akipiga mluzi. Ng'ombe walikuwa wamejaa zizini kwa Nicodemo. Mtu alishayatoa majani kwenye kengele, nazo zilikuwa zinalia vizuri kabisa.

"Nimewafuata ng'ombe wangu, shemeji."

Nicodemo alivua kofia taratibu, kama mtu aliyefika msibani, akamshika Yohanes bega.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Wale si walikufa? Umesema mwenyewe kanisani, na mimi nikaitikia amina."