Ovaroli ya Lugembe

Siku hizi mgonjwa wa sumu haitwi mahakamani kutoa ushahidi. Sheria huisikiliza nguo yake ya kazi. Ndiyo maana Kabula, wakili wa msaada wa sheria, alifika kwa Nyanjige akiwa amebeba begani mashine ya kusoma sumu iliyoganda kwenye nguo.

Nyanjige alimletea ovaroli ya mumewe, Lugembe, aliyepulizia dawa mashamba ya pamba ya watu kwa miaka kumi na moja, na sasa alikuwa amelala ndani, pumzi ikimtoka kwa shida. Ovaroli ilikuwa imefuliwa, imeanikwa, imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

Kabula akaiweka juu ya mashine. Mashine haikusema kitu.

"Mama, umeifua?"

"Ningeipelekaje kwa hakimu ikiwa chafu, mwanangu? Watu wangesema Lugembe hana mke. Naifua kila Jumamosi tangu aanze kazi."

"Unaifua kwa kutumia nini?"

"Kwa sabuni ya mche na mikono hii."

Kabula akaiondoa ovaroli taratibu, akamwomba Nyanjige aweke viganja vyake pale pale.

Mashine ikaanza kusoma. Ikataja dawa moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, yote kumi na moja, kwa sauti ya upole.

"Kesi tunayo, mama," Kabula akasema, machozi yakimlengalenga.

Ndani, Lugembe akakohoa, akaomba maji. Nyanjige akachukua kikombe, akaitazama mikono yake, akakirudisha mezani.