Kijana wa Kwenye Spika

Wiki moja baada ya kufunga kichujio kwenye redio ya mawasiliano ya gari lake, fundi alikuwa akikaza antena bibi jirani alipomwita getini.

"Mwanangu, niangalizie spika yangu. Kuna kijana, kila jioni alikuwa ananiuliza kama namsikia. Namjibu, namsimulia siku yangu. Wiki hii kimya. Nahofia anaumwa."

Bisibisi ilimteleza fundi mkononi. Sauti ile ilikuwa yake, mawimbi ya redio yake yakivuja hadi kwenye spika ya bibi kabla ya kichujio kuyazuia. Na jioni hizo hizo, akimsikia bibi akiongea dirishani kwake, aliwachekesha wenzake hewani kwamba jirani yake anaongea peke yake.

"Haumwi, bibi," alisema, macho chini. "Ni mimi."

Bibi alishika geti.

"Kumbe yote niliyokusimulia hukuyasikia?"